Redio ya babu na namba ya nyuma: Usiingizwe mjini, hesabu mwenyewe!

Mpenzi msomaji, kama kwenu kijijini kuna redio ya zamani, ile kubwa yenye mshikio na mlio wa kukoroma, kaa mkao wa kula. Kuna watu wanaitafuta. Usidhani wanaitafuta kwa kuwa wanapenda zilipendwa. Wanaitafuta kwa sababu wameshajua kwamba wewe hujui zilitengenezwa ngapi.

Hapo ndipo ulaji wao ulipo. Mtu akikukazia macho na kusema, "Hizi zilitoka mia tano tu dunia nzima," utambishia na nini? Kiwanda hukijui, vitabu vyake hujawahi kuviona, na babu aliyeinunua anakumbuka bei tu. Unabaki kutoa macho. Kumbe jibu, au angalau sehemu kubwa ya jibu, limebandikwa nyuma ya redio yenyewe. Ni ile namba ndogo iliyopigwa chapa kwenye kibati au karatasi, ambayo mafundi wanaiita siriali namba. Kwa Kiswahili cha darasani ni namba ya mfululizo.

Mimi nimeiona kazi ya namba hiyo kwa macho yangu Shelui, na leo nakumegea yote.

UTAJIRI WA KUSIKIA

Wanaopanda mabasi ya Singida kwenda Mwanza wanaijua Shelui, ingawa wengi wanaijulia dirishani. Ukishateremka mlima wa Sekenke, huko wilaya ya Iramba, unakutana nayo kabla hujafika Igunga. Malori, mahindi ya kuchoma, vijana wa bodaboda na vumbi la kutosha. Nilikwenda kumtembelea mshikaji wangu mmoja ambaye naye anaendesha bodaboda. Jina lake naliweka kapuni.

Nilimkuta hana raha. Alikuwa na mgogoro na baba yake, na chanzo kilikuwa redio.

Wiki mbili kabla yangu alikuwa amefika dalali, mtu wa suruali ya kupigwa pasi na simu mbili. Akaitazama redio ya mzee, akaigeuza, akasoma namba ya nyuma, akapiga mluzi. Namba ilikuwa 412. "Mzee una mali," akasema. "Hizi zilitoka 500 tu. Kuna Mwarabu anatoa milioni 40." Ila, na hii ila ndiyo yenye sumu, lazima kwanza ilipwe pesa ya kipimo, laki nne, mtaalamu aje na mashine ahakikishe kama ndani yake kuna zebaki nyekundu.

Laki nne ndani hazikuwepo. Kilichokuwepo ni maksai wawili wa kulimia. Kijana anataka mmoja auzwe. Mzee hataki. Mama yuko katikati, hajui ashike upande upi. Na mvua zilikuwa zinakaribia.

Usiwacheke. Kwa watu wa huko, habari ya mali iliyofichika si ngano. Sekenke ni mgodi wa dhahabu wa tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, vita ilipowabana na sarafu zikawaishia, Wajerumani walichukua dhahabu ya Sekenke wakaipeleka Tabora, na huko wakagonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Sarafu hizo kweli ni adimu na kweli zina thamani. Kwa hiyo mtu aliyekulia chini ya mlima ule akiambiwa kitu cha zamani ni utajiri, kichwani mwake kuna mfano hai.

Lakini angalia tofauti, ndugu yangu. Sarafu za Tabora tunajua zilikuwa 16,198, kwa sababu hesabu yake imeandikwa na ipo. Ile 500 ya dalali iliandikwa wapi?

VIFARU VYA HITLER

Hesabu ninayotaka kukupa haikuanzia kwenye redio. Ilianzia kwenye vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani walikuwa na swali linalowanyima usingizi: Wajerumani wanatengeneza vifaru vingapi kwa mwezi? Majasusi walileta majibu, na majibu yao yalikuwa ya kutisha.

Ndipo kundi la wachumi pale ubalozi wa Marekani mjini London likaamua kufuata njia nyingine. Kifaru kikitekwa, wanaandika namba zilizopigwa chapa kwenye giaboksi na vyuma vingine. Mjerumani ni mtu wa utaratibu. Vitu vyake alivipa namba kwa kufuatana. Wachumi wakakaa na kalamu.

Vita ilipokwisha, vitabu vya viwanda vya Ujerumani vikafunguliwa, na mwaka 1947 Richard Ruggles na Henry Brodie wakachapisha mlinganisho. Shika haya. Juni 1940, majasusi walisema vifaru 1,000 kwa mwezi, hesabu ya namba ikasema 169, ukweli wa vitabu ulikuwa 122. Juni 1941, majasusi 1,550, namba 244, ukweli 271. Agosti 1942, majasusi 1,550 tena, namba 327, ukweli 342.

Umeona mwenyewe! Watu waliohatarisha roho zao nyuma ya mistari ya adui walipitwa mbali na watu waliokaa ofisini wakisoma namba za vyuma chakavu.

Tangu hapo njia hii imeenea. Wakusanyaji wa redio za zamani huko Ulaya na Marekani wanaitumia kila siku. Kiwanda kimeshafungwa, makabrasha yametupwa, lakini redio zimebaki zimetawanyika majumbani. Wanakusanya namba, wanakisia jumla.

KIBANDANI KWA FUNDI

Nikamwambia mshikaji wangu, "Kabla hujamgusa maksai, twende kwa fundi."

Fundi wa redio wa Shelui siku hizi anakula kwa simu na spika za baa. Lakini nyuma ya kibanda chake kuna kaburi la redio za zamani anazozitunza kwa ajili ya spea. Na ana daftari. Kila redio iliyowahi kuingia mle kutengenezwa, aliandika aina yake na namba yake ya nyuma.

"Kwa nini namba, fundi?" nikamuuliza.

"Wateja," akasema. "Mtu anakuja kuchukua redio yake, anadai umembadilishia. Ukimwonyesha namba, ananyamaza."

Tukafukua. Za aina moja na ile ya mzee tulipata mbili kwenye kaburi na mbili kwenye daftari. Ukijumlisha ya mzee, tano. Aina yake siitaji na namba nimezibadili kidogo, maana gazeti hili linasomwa na matapeli pia. Chukulia ni hizi: 412, 2,655, 4,038, 7,316 na 9,140.

Mshikaji wangu alizitazama akakaa kimya. Hakuhitaji hesabu. Kama zilitoka 500 tu, hii 9,140 imetoka wapi?

HESABU YENYEWE

Sasa tulia, usiogope. Ni hesabu ya darasa la tano.

Panga namba kuanzia ndogo mpaka kubwa. Tazama mapengo. Kutoka sifuri mpaka 412 ni pengo la kwanza. Kutoka 412 mpaka 2,655 ni la pili. Endelea mpaka 9,140, unapata mapengo matano. Ukiyajumlisha ni 9,140 yenyewe. Gawa kwa 5, wastani wa pengo ni 1,828.

Sasa jiulize: redio ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ndiyo hiyo ya namba 9,140? Ingekuwa bahati ya ajabu ile ya mwisho iangukie Shelui. Bila shaka kuna nyingine mbele yake. Ngapi? Makisio ya busara ni kwamba pengo la mbele linafanana na mapengo ya nyuma. Basi ongeza pengo moja: 9,140 na 1,828, toa 1, unapata 10,967. Hiyo ndiyo kanuni nzima. Namba kubwa kuliko zote, ongeza namba hiyo ukiigawa kwa idadi ya redio ulizoziona, toa moja. Wachumi wa London walianzia hapohapo.

Je, ndiyo kusema zilitoka 10,967 kamili? Hapana. Haya ni makisio. Kwa redio tano tu, jumla ya kweli inaweza kupanda hata 16,600 bila mtu kushangaa. Kadiri unavyoongeza redio ndivyo mwanya unavyobana. Ndiyo maana wakusanyaji hawachoki kutafuta namba nyingine na nyingine.

Ukiwa na redio moja je? Hapa ndipo dalali anapokupiga changa la macho. Kwa 412 peke yake kanuni inatoa 823, ila makisio hayo ni dhaifu kuliko utando wa buibui. Hata kama zingetoka 8,240, bado kuna nafasi 5 kati ya 100 kwamba redio uliyoikuta ina namba 412 au chini ya hapo. Yaani namba ndogo haisemi kwamba zilitoka chache. Inasema tu kwamba hii ilitangulia. Mtoto wa kwanza wa mzee hakwambii mzee ana watoto wangapi.

MITEGO

Nisikudanganye, njia hii ina mitego yake, na ukiikaribia kichwa kichwa itakuumbua.

Kwanza, usichanganye namba ya modeli na namba ya mfululizo. Ya modeli inafanana kwenye redio zote za aina hiyo, na mara nyingi ina herufi. Ya mfululizo inatofautiana kila redio. Ukikusanya za modeli utakuwa unahesabu upepo.

Pili, si kila kiwanda kinaanza na 1. Vingine vinaanza 1,001 au 10,001, ili mnunuzi wa kwanza asijione anafanyiwa majaribio. Dawa ipo. Chukua umbali kati ya namba ndogo na kubwa tu, kwetu ni 8,728. Ndani yake kuna mapengo manne, wastani 2,182. Ongeza pengo moja kila upande, toa 1, unapata 13,091. Majibu mawili, 10,967 na 13,091, hayalingani, lakini yanaimba wimbo mmoja: ni maelfu, si mia tano.

Tatu, kiwanda kinaweza kuruka namba, au kutumia mfululizo mmoja kwa aina mbili za redio. Ukikuta hivyo, unachohesabu ni namba, si redio. Hapa fundi ana akili kuliko mwenye kalamu, kwa sababu anazifungua. Vipuri vya ndani mara nyingi vina alama za wakati vilipotengenezwa. Namba zikipanda na alama zikipanda nazo, mfululizo una afya. Zikipishana ovyo, shtuka.

Nne, na hii ni ya kwetu sana. Redio za mji mmoja zinaweza kuwa za shehena moja. Miaka ya 1970 bidhaa nyingi zilifika mikoani kupitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, kisha maduka ya ushirika. Katoni zikishushwa pamoja, namba zake zitakaa karibu karibu, na wewe utadhani zilitengenezwa chache. Namba za Shelui ziunganishe na za Nzega, za Tanga, za Songea. Ndipo utasema kitu.

REDIO ZETU WENYEWE

Vijana wengi wa mjini wanadhani kila redio ya zamani ilitoka ng'ambo. Wapi! Kampuni ya Matsushita ya Japani, wenye jina la National, ilianzisha kampuni yake hapa Tanzania mwaka 1966, ikawa inatengeneza betri na redio Dar es Salaam. Arusha nako kulikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio. Kwa hiyo baadhi ya hizo mnazoziuza kwa kilo ziliungwa na mikono ya baba zenu na mama zenu.

Na hazikuwa za mapambo. Mwaka 1973 ilipopigwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka nyasi. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa 75,000. Vikundi vyote hivyo vilihitaji kitu cha kusikilizia. Ukijua redio za aina fulani zilikuwa elfu kumi au laki moja, unaanza kuona sauti ya Dar es Salaam ilifika mbali kiasi gani na watu wangapi walibanana kwenye redio moja. Hiyo ni historia ya nchi, na sehemu yake imeandikwa kwenye vibati vya nyuma.

Tatizo ni kwamba vibati vinaondoka. Wanunuzi wa skrepa wanapita na mizani zao. Redio inavunjwa, sumaku ya spika huku, shaba huku, kibati kinatupwa. Namba ikipotea, makisio yanapungua nguvu.

Na zebaki nyekundu? Fundi alitufungulia moja mezani. Tuliona waya wa shaba, sumaku, fimbo nyeusi ya antena, transista na vumbi la miaka hamsini. Zebaki nyekundu hiyo ya mamilioni hakuna mwanasayansi aliyewahi kuthibitisha kwamba ipo, si ndani ya redio wala ndani ya cherehani.

MAKSAI AKANUSURIKA

Jioni ile mshikaji wangu alimpigia dalali, simu ikiwa kwenye spika. Akamwambia, "Bro, nimeziona tano hapahapa Shelui, na moja ina namba elfu tisa na mia moja. Wewe mia tano umezitoa wapi?" Dalali akababaika kidogo, akasema hizo nyingine ni feki. Mshikaji akamjibu kuwa basi aje na laki nne zake mwenyewe za kipimo, redio ikiuzwa watamrudishia mara mbili. Simu ikakatika. Mpaka naondoka Shelui haikupatikana tena.

Maksai wote wawili walikuwa zizini. Baba na mwana walikula sahani moja usiku ule, na mama akaongeza mboga.

Nilimuuliza mzee kama anasikitika kwamba redio yake si ya mamilioni. Akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo nilimsikia nayo Mwalimu akitangaza vita na Amin. Wewe niulize kama inaimba, usiniulize bei." Ikawashwa. Iliimba, kwa kukoroma.

KAZI KWAKO

Wikiendi hii ukienda nyumbani, geuza redio ya babu. Andika vitu vitano: jina la kampuni, modeli, namba ya mfululizo, mwaka iliponunuliwa na mji iliponunuliwa. Waulize majirani wenye za aina hiyo, na usimsahau fundi mwenye daftari. Ukipata tano, fanya hesabu niliyokupa. Ukipata ishirini, wewe tayari ni mtaalamu kuliko dalali yeyote mwenye simu mbili.

Na akitokea mtu wa kukwambia kitu fulani kiko kichache duniani, iwe redio, iwe saa, iwe cherehani, usibishane naye. Muulize swali moja tu: "Umeona namba ngapi?" Akijibu moja, mkaribishe chai, akimaliza umsindikize stendi.